Moyo Uliopinda Upande Mwingine

Isiolo, Alhamisi, baada ya sala ya alasiri

Kwako mwanangu Sadia,

Assalamu alaikum. Ninakuandikia ilhali uko nyumba ya tatu tu kutoka hapa, kwa shangazi yako, ambako wanawake wa mtaa wamekuja kukuaga. Nawasikia mnavyocheka. Mama yako yumo humo humo, kwa hiyo nyumba yote imebaki yangu, na mezani nina karatasi za mistari na kalamu ya wino wa buluu. Kalamu nyekundu nimeifungia kabatini, nisije nikaanza kujisahihisha kabla sijasema ninalotaka kusema.

Kesho basi la asubuhi litakupeleka Nairobi, na kesho kutwa ndege itakupeleka Uskoti. Habari za koti, za pasipoti na za ile nyama iliyohifadhiwa katika samli, mama yako amekwisha kuzisema mara tatu. Mimi nina jambo moja tu. Ulipokuwa na umri wa miaka kumi na mitatu nilikimwaga kikombe chako cha mayai ya samaki, nikakupa sababu ambayo haikuwa ya kweli. Tangu siku ile hukuniuliza tena swali lolote la masomo yako. Sasa unakwenda kusoma jinsi viinitete vya samaki vinavyoipata kulia na kushoto yao, yaani jambo lile lile lililokuwa ndani ya kikombe. Sitaki uondoke na sababu ile ya uongo. Ukiondoka nayo, utakwenda kukitafuta mbali kitu ambacho miaka yote kilikuwa kikila nawe chakula cha jioni.

Unaikumbuka mvua ile. Ilikuwa imetuacha kwa muda mrefu, mpaka watoto wadogo wakasahau sauti ya mabati yakipigwa na maji. Ilipokuja, ilikuja adhuhuri, na watu walitoka nje wakasimama tu barabarani wakilowa. Mwezi mmoja na siku kadhaa baadaye tulikuwa nyuma ya lori la mahindi tukielekea Kinna kwa wajomba zako, na lori likakwama kwenye tope. Kando ya barabara palikuwa na dimbwi. Kabla ya mvua, mahali pale palikuwa uwanja wa vumbi ambapo ngamia walikuwa wakijigaragaza. Ukashuka, ukainama majini, kisha ukaniita.

"Baba, kuna samaki hapa."

Nikakwambia kwamba hakuna. Samaki hukaa mtoni, na mto uko mbali. Ukaja na mmoja kwenye kiganja, hazidi urefu wa kidole chako cha mwisho, mkia wake mwekundu, ubavu wake una rangi ambayo hata sasa siwezi kuipa jina. Utingo wa lori, aliyekuwa magotini topeni, alisema samaki hao huanguka kutoka mawinguni na kila mtu anajua. Mama yako akamjibu kwamba yeye ni Mborana wa huku huku, na hajaona wingu linalotaga. Samaki hawa hutoka vumbini. Maji yakikauka wao hufa, lakini mayai yao hubaki ndani ya udongo mkavu, mwaka mzima au zaidi, yakingoja.

Nilisimama kando ya maji yale ya rangi ya chai ya maziwa, jua likiwa limeinama, na kwa muda nikahisi kwamba ardhi yote niliyokuwa nimeikanyaga tangu utoto ilikuwa imejaa macho yaliyofumbwa. Sikukwambia. Nilikwambia uvae viatu.

Ulirudi mjini na tope la dimbwi ndani ya kopo la samli. Bi. Karimi, mwalimu wenu wa biolojia, alikuruhusu kuitumia hadubini ya shule siku za Jumamosi, akakufundisha kuyatoa mayai topeni kwa ncha ya unyoya wa kuku. Uliyaweka katika kikombe cha bati chenye maji. Kila jioni tulikula wali na habari za kikombe. Ulisema yai moja ni dogo kuliko punje ya wimbi, na ganda lake ni angavu kama kioo, kwa hiyo mtu anaweza kumwona samaki akijengwa bila kumvunjia nyumba. Ulisema wengine wamelala tu, hawakui wala hawafi. Kisha jioni moja ukasema neno ambalo lilinifanya niweke kijiko chini. Ulisema moyo wa samaki huanza kama mrija mdogo ulionyooka, katikati kabisa ya mwili, hauko kulia wala kushoto. Huanza kupiga ukiwa bado umenyooka. Halafu hujipinda.

"Na wote wanapinda upande mmoja, Baba. Nani anaambia moyo upande?"

"Ni nani anayeuambia moyo," nikasema. "Nao hauambiwi. Moyo unajua."

"Kama unajua, mbona unaanzia katikati?"

Mama yako alinitazama. Mimi nilikula haraka, nikaenda kusahihisha madaftari.

Jumamosi iliyofuata ulinishika mkono ukanipeleka shuleni nikaone. Chumba kile cha biolojia kilikuwa kimya, kinanuka spiriti, na kioo kidogo cha hadubini kilikuwa kinaudaka mwanga wa dirishani na kuutupa juu, ndani ya yai. Nikavua miwani, nikaweka jicho. Sadia, nimeona mambo katika maisha yangu, lakini sijaona kitu kama kile. Uzi mwekundu ulikuwa unafumba na kufumbua, unafumba na kufumbua, ndani ya mwili ambao ulikuwa bado karibu ni maji matupu. Ulinionyesha yai baada ya yai, kumi na moja, na mioyo yote ilikuwa imepinda upande ule ule. Ukaniwekea la kumi na mbili. Moyo wake ulikuwa umepinda upande mwingine.

Nilisema chombo kile kinageuza vitu. Nilikuwa nimesoma mahali kwamba hadubini hukionyesha cha kulia kuwa cha kushoto, kwa hiyo unachokiona si kweli.

"Ikigeuza inageuza zote, Baba," ukasema, kwa upole, kama mtu anayemfundisha mtoto. "Hii moja bado iko tofauti na wenzake."

Bi. Karimi alicheka, akasema umenishinda. Akaongeza kwamba hata binadamu wapo wa namna hiyo, mmoja mmoja, ambao moyo na ini vimebadilishana pande, na wengi wao huishi hadi uzee bila kujua. Ndipo nilipokichukua kikombe, nikatoka nje nacho, nikakimwaga mchangani. Ulinifuata. Nikakwambia kwamba kiumbe kile kilikuwa kimeharibika, na kwamba kukaa kukitazama ni kumcheka Muumba. Ulichuchumaa pale mchangani ukijaribu kuyaokota, na mchanga ulikuwa umekwisha kuyanywa maji.

Nililitumia jina la Mungu kufunika aibu yangu. Hiyo ndiyo dhambi yenyewe, na inayofuata ndiyo sababu.

Moyo wangu uko kulia.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa nilipojua. Babu yako, kama wazee wengi wa mtaa wetu, alikuja Isiolo baada ya kulitumikia jeshi la mkoloni, na kwake mwanamume hakuwa kamili bila namba ya jeshi. Alinipeleka mwenyewe kujiandikisha, amevaa medali zake. Daktari aliniwekea kifuani kile chombo chake cha masikioni, akakunja uso, akakigonga kwa kidole kama saa iliyosimama, akaniwekea tena. Kisha akakihamishia kulia. Akawaita wenzake wawili. Mmoja wao alisema kwa Kiingereza, akidhani sikijui, kwamba huyu lazima alitengenezwa mbele ya kioo. Walicheka, bila ubaya, nikapewa shati langu na karatasi iliyosema sifai.

Babu yako alikuwa ananingoja nje juani. Nilimweleza. Alivitazama viatu vyake kwa muda mrefu, maana vilikuwa vimeng'arishwa kwa ajili ya siku hiyo.

"Usimwambie mtu," akasema. "Sema ni macho."

Basi nikasema ni macho. Na kwa kuwa mtu aliyekataliwa kwa ajili ya macho hawezi kutembea bila miwani, nilinunua miwani ya vioo vitupu, nikaivaa miaka ishirini na minne kabla sijaihitaji. Wewe na ndugu zako mlikuwa mkiogopa kuigusa. Ilikuwa dirisha tu.

Sikuwa mwanajeshi, nikawa mwalimu, nikawa mkali. Mtu mwenye jambo lililopinda ndani yake anaweza kuwa mpole kwa kila kilichopinda, au anaweza kukinyoosha kila anachokiona. Mimi nilichagua kunyoosha. Nilinyoosha sentensi, mistari ya gwaride, kola za mashati. Niliwachapa watoto walioandika kwa mkono wa kushoto. Mmoja wao nilimfunga mkono kwa leso muhula mzima, naye hakuwa amenikosea lolote. Mchana nilikuwa nikimfunga mkono, na kwenye sala, nikiwa nimeweka mkono wa kulia juu ya wa kushoto, nilikuwa nausikia moyo wangu ukigonga mahali pasipo pake, kama mgeni asiyejua mlango.

Mama yako nilimwambia wiki ya harusi yetu, kwa sababu niliona si haki alale bila kujua. Nilijiandaa kwa machozi. Alicheka mpaka akakaa chini. Akasema sisi wanaume wa mjini tunapenda sana kujihuzunisha. Tunakula kwa kulia, tunasalimiana kwa kulia, tunaingia msikitini kwa kulia. "Na wewe moyo yako imekaa upande ya heshima. Sasa unalia nini?" Nimeyaandika maneno yake kama alivyoyasema. Laiti ningeyachukua vile vile.

Lakini kuna mambo mtu huambiwa nyumbani yakamtosha, kisha siku moja husimama mbele ya watu na kugundua kwamba hayakumtosha. Miaka mitatu kabla ya dimbwi lako, tulikuwa Kinna kwenye posa. Boru, jirani wa wajomba zako, mtu mwenye mifugo michache na mzaha mwingi, alikuwa anamposea mwanawe wa kiume, Halake. Alitoa mbuzi wake mzuri kuliko wote. Bismillahi ilisomwa, mbuzi akachinjwa, na kama desturi ya huko ilivyokuwa bado, Mzee Guyo, mjomba wa mama yako, akaketi kuyasoma matumbo. Wewe umekulia mjini, na siku ile mlikuwa mkicheza pembeni, kwa hiyo hukuiona kazi hiyo. Mzee huyatandaza, akafuata mishipa midogo ya damu kwenye mafuta jinsi mtu anavyofuata njia, na humo huona malisho, mvua, na kama nyumba mpya itasimama.

Mzee Guyo alitazama. Akaligeuza sinia. Akatazama tena. Boru alikuwa wa kwanza kusema.

"Mzee, kama imeandikwa kinyume, si uanze kusoma kutoka mwisho?"

Watu wakacheka. Mzee hakucheka. Alisema moyo uko kulia na ini liko kushoto, na kwamba mbuzi yule ni nyumba iliyojengwa mlango ukiwa nyuma, na yeye haisomi. Kicheko kikakatika. Babake msichana alianza kukunja shuka lake taratibu, kama mtu aliyekumbuka safari. Ndipo Mzee Guyo akanigeukia.

"Wewe mwalimu, vitabu yenu inasema nini juu ya hii?"

Watu wote walinigeukia. Boru alinitazama kwa uso uliokuwa tayari umeanza kushukuru. Nilikuwa na neno. Ningeweza kuufungua mkono wangu na kuuweka kifuani, na kusema: Mzee, mpwa wako ameolewa na mtu wa namna hii, na watoto wao hawa hapa wanacheza. Ningesema hivyo tu, na chakula kingeliwa.

Nilisema, "Sijui. Sifundishi somo hilo."

Nyama ilitupwa. Msichana aliozwa kwingine kabla ya mvua iliyofuata. Boru alihamisha mifugo yake hadi upande wa Kipsing, mbali na watu waliomjua, na nasikia Halake alikaa mpweke miaka mingi. Tuliporudi Isiolo nilimwambia mama yako kwamba nilikuwa nakilinda kizazi chetu. Aliendelea kukoroga uji. Siku tatu alinipa chakula bila kusema neno.

Kwa hiyo ulipoliweka lile yai la kumi na mbili chini ya jicho langu, sikuona samaki. Niliona sinia la Kinna, na uso wa Boru, na nikajiona mimi mwenyewe kabla sijazaliwa, nikiwa mdogo kuliko punje ya wimbi, nikijipinda kuelekea upande wangu bila kujua kwamba kuna upande mwingine. Na wewe ulikuwa umesimama kando yangu, unafurahi. Ungeniuliza swali moja zaidi, ningesema. Nilichagua kumwaga.

Nililodhani ni siri yangu lilikuwa mzigo, na sikuubeba mimi. Aliubeba Boru, aliubeba mtoto yule mwenye leso mkononi, ukaubeba wewe. Jambo hilo nimelijua kwa kuchelewa, na ndilo pekee ninaloweza kukuapia kuwa ni kweli.

Mwezi uliopita, wakati wa chakula, ulimweleza mama yako juu ya mambo utakayokwenda kuyachunguza. Ulidhani nasikiliza redio. Ulisema wapo madaktari waliogundua kwamba baadhi ya watu wenye viungo vilivyobadilishana pande wana vinyweleo vidogo sana ndani ya mapafu ambavyo havichezi, na kwamba huenda vinyweleo kama hivyo, mwanzoni kabisa, ndivyo vinavyoukoroga upande mmoja wa mwili ujitofautishe na mwingine. Visipocheza, mwili hauna wa kuuambia, nao huangukia upande wowote. Ulisema ni dhana tu, hakuna anayejua. Mama yako akasema, "Kwa hiyo ni kama upepo." Ukasema ndiyo, ni kama upepo mdogo ndani ya yai.

Mapafu yangu ni mazima, kwa hiyo sijui kama upepo wangu ulikosekana au ulivuma kinyume. Lakini tangu jioni ile nimekuwa nikiufikiria. Mchana nikilala nauona: maji tulivu ya rangi ya chai, na ndani yake pumzi ndogo sana, haina sauti, inapita, na moyo ulionyooka unaigeukia jinsi ng'ombe wanavyogeukia harufu ya mvua. Nina karibu miaka hamsini na mitano, na tangu ujana nimekuwa nikidhani kwamba niliandikwa kinyume. Haikunijia kwamba huenda niligeuka tu, kama wenzangu, nikifuata kilichonifikia.

Kuna jambo jingine sikuwahi kukwambia. Ulipozaliwa, mkunga alikuleta kwangu nikuadhinie sikioni. Kabla ya adhana niliweka kiganja changu kifuani mwako, kwanza kulia, kisha kushoto. Moyo wako ulikuwa kushoto. Nilishukuru, halafu nikaona haya kwa kushukuru, na adhana yangu ilitoka na sauti mbaya. Nilifanya hivyo kwa kila mmoja wenu. Ninyi mlidhani baba yenu hapendi kukumbatia watoto. Nilikuwa naogopa kwamba mtoto akilaza kichwa kifuani mwangu ataukosa moyo mahali anapoutarajia, kisha ataulizia.

Sikuandikii ili unisamehe kwa haraka. Wewe ni binti wa mama yako na utafanya hivyo hata kabla ya ukurasa wa pili, na mimi sitakuwa nimefaidika. Nakuandikia kwa sababu ya ile fomu ya chuo uliyoniletea nijaze, palipoulizwa kama katika ukoo kuna hitilafu yoyote ya mwili, nami nikaandika "Hakuna" kwa hati nzuri. Ikate. Andika kweli, na uandike jina langu. Ukitaka kumwambia mkuu wako wa huko, mwambie. Ukitaka kuniweka katika kazi yako, niweke, ila uchunge tahajia. Kama siku moja utazaa, kisha daktari akakunja uso, hutahitaji kununua miwani.

Na ukimpata tena samaki aliyepinda upande mwingine, mtazame mpaka utosheke. Hakuna mtu atakayekuja kukuchukulia kikombe.

Nimemtuma mtu aulizie kama Boru angali upande wa Kipsing. Wanasema yuko, amezeeka, bado ana mzaha. Wiki ijayo nitapanda gari niende nikamwambie lile neno nililokuwa nalo. Sijui atanipokea vipi. Halake amekwisha kuoa, lakini hilo halinifutii lolote.

Sasa nawasikia mnatoka kwa shangazi yako, mama yako yuko mbele na taa. Barua hii sitaitia sandukuni ili uisome ukiwa mbali. Nitakupa ukiingia, nami nitakaa hapa hapa kwenye kiti wakati unaisoma, na hilo litaniwia gumu kuliko kuiandika. Ukimaliza, usiseme kitu. Najua watakuwa wamekupaka hina na haitakuwa imekauka, kwa hiyo mikono yako haitafaa kwa kazi hii. Njoo tu uinamishe kichwa. Nimefungua vifungo viwili vya shati. Utaupata kulia.

Mimi baba yako.